Kumbukumbu za Tuta la Aldsyl

Ajenda namba tatu: shimo.
Waliohudhuria kumi na mmoja. Udhuru mmoja, mafua.
Katibu ni mimi. Naandika.

Tuta ni la bodi ya maji.
Barabara iliyopita mgongoni mwake ni ya halmashauri,
njia ya baiskeli ubavuni ni ya mkoa,
majani amekodishiwa Sjoerd, ambaye kondoo wake
huyanyoa kutwa bila kujua wamevuka mipaka mingapi.
Pampu ni ya kampuni, mkataba wa miaka kumi.
Na panya-maji, aliyechimba chini ya vyote hivyo,
hakutumiwa mwaliko.

Mshauri alikuja kutoka mjini, akatuchorea ukutani
duara, na duara, na duara jingine,
mishale ikienda na kurudi,
hakuna lililokaa juu ya mwenzake.
"Zama za ngazi zimekwisha," akasema. "Sasa ni wavu.
Haamuru mtu. Kila mmoja ashike uzi wake."
Wietske wa mkoa akaupiga picha ule mchoro.
Sjoerd akauliza: na huo wavu una matundu mangapi?
Tulicheka. Kicheko sikukiandika,
kumbukumbu hazina safu yake.

Niliandika: Imeazimiwa kushirikiana.
Niliandika: Pande zote zitafuatilia.
Kitenzi chenye adabu, kufuatilia.
Hutembea nyuma ya jambo, wala hakilipiti.

Januari, usiku wa kumi na tisa, upepo ukageuka.
Foekje, muuguzi, akitoka zamu saa saba usiku,
alisimamisha baiskeli: tuta lilikuwa linatoka jasho.
Si maji, alituambia baadaye. Jasho.
Hakuipigia bodi. Bodi hukuambia
bonyeza moja, bonyeza nne, subiri.
Alimpigia Gosse mtega panya,
kwa kuwa watoto wao huogelea pamoja Jumamosi.
Gosse akamwamsha Douwe wa pampu,
anayemdai tairi tangu mwaka juzi.
Douwe akaiwasha pampu saa tatu kabla ya wakati
ulioandikwa kwenye mkataba.
Sjoerd alifika na trekta na magunia,
nguo za kulalia ndani ya koti la mvua.
Nani alimwita? Hakumbuki.
Mimi nilishika tochi,
na mkono wangu, uliozoea kalamu, ulitetemeka.

Kulipokucha: magunia mia mbili na arobaini,
saini hata moja.

Usipoziba ufa, wahenga walisema.
Tuliuziba.
Hawakusema ufa ukiwa wa watu sita.

Februari. Ajenda namba tatu: tathmini.
Kampuni inadai umeme wa saa tatu.
Mkoa unauliza ni nani aliyeruhusu
magurudumu ya trekta kwenye njia yake.
Bodi inaupongeza mtandao.
Kisha akasimama bibi Tjitske wa nyumba ya bondeni,
ambaye maji yalimwingilia stoo usiku ule,
yakaelea na viazi na chupa za matunda ya marehemu dada yake.
"Sikuja kutaka fidia," akasema.
"Nimekuja kuuliza nimgombeze nani."
Swali likazunguka meza kama sahani ya biskuti,
kila mkono ukimpisha jirani.
"Zamani palikuwa na mkuu wa tuta. Mkorofi yule, na mlevi.
Ila mlango wake niliujua."

Nyuma ya ajenda nilichora nyuzi za usiku ule:
mmoja wa bwawa la kuogelea, mmoja wa deni la tairi,
mmoja wa mtu aliyekosa usingizi.
Hazikufanana kabisa na mishale ya ukutani.
Zilitushika, hilo nakiri.
Nikaitafuta nyumba ya Tjitske kwenye mchoro wangu.
Ilikuwa ndani ya tundu.

Namba ya Foekje nimeiandika pembeni, kwa penseli.
Mengineyo: Gosse anaarifu
kwamba panya amehamia hatua arobaini kaskazini.
Imepokewa.
Pande zote zita